Kununua baiskeli ya mtumba: kila shilingi inayopungua iwe na jina

Kwetu Tanga mtu haulizwi kama ana baiskeli. Anaulizwa ameiacha wapi. Mji ni tambarare, barabara za Ngamiani zimenyooka na kupewa namba, na kila mtu anakanyaga: mama anayekwenda soko la Mgandini, seremala mwenye msumeno begani, mwalimu aliyechomekea shati. Nyingi ya baiskeli hizo hazikununuliwa mpya. Mimi nimenunua sita za mtumba, nyingine zangu, nyingine za watoto na ndugu walionituma. Katika hizo sita nilipigwa mbili: moja kwa ubovu, na moja kwa jambo baya zaidi ambalo nitalisimulia mbele.

Ninachoeleza hapa ni namna ya kupata bei nzuri bila kudhulumiwa na bila kumdhulumu anayeuza. Kanuni yangu ni kwamba kila shilingi unayotaka ipungue iwe na jina: la tairi, la cheni, la gololi. "Punguza bwana, hali ngumu" si jina. Hali ni ngumu kwake pia.

Kabla hujatoka nyumbani

Amua kwanza baiskeli ni ya kazi gani. Ya kubeba gunia la mkaa kutoka Pongwe ni moja, ya mtoto kwenda shule ni nyingine. Phoenix ya Kichina na Hero ya Kihindi, zile za chuma zenye breki za vyuma na magurudumu makubwa, ni nzito na hazina mbwembwe, lakini spea zake ziko hadi kwenye duka la kijijini linalouza chumvi na betri za tochi. Baiskeli za Japan zenye kikapu mbele, madigadi ndefu, kava la cheni na kufuli la duara nyuma ni raha ya mjini: unakaa wima, shati halichafuki. Ukizifanya punda wa mizigo, spoku zitakukatikia.

Kisha kuna saizi ya tairi, na hapa watu wengi huingia shimoni. Kuandikwa 26 hakutoshi. Tairi ya 26 x 1 3/8 ya baiskeli ya Kijapani haiingii kwenye rimu ya 26 x 1.95 ya baiskeli ya gia nyingi, ingawa zote zinaitwa 26. Tazama namba ndogo iliyochongwa ubavuni: ya kwanza itakuwa na 590, ya pili 559. Hizo ni milimita za kipenyo cha pale tairi inapokaa kwenye rimu, na tofauti yake ni sentimita 3 nzima. Phoenix nyingi ni 28 x 1 1/2, yaani 635, na hizo hutahangaika kuzipata. Ukikutana na Kijapani ya 27, usilipe kabla hujaulizia tairi zake dukani.

Hatua inayofuata watu huiruka, nayo ndiyo inayokupa nguvu kuliko zote: pita duka la spea na kwa fundi wako kabla ya kwenda kwa muuzaji. Uliza bei ya tairi, tyubu, cheni, waya na mipira ya breki, pedeli, na ufundi wa kubadilisha gololi. Andika kwenye simu. Usipojua bei ya tairi utaomba upunguziwe tu. Ukiijua, unataja kiasi na sababu.

Beba vitu hivi: rula ya shule ya inchi 12, spana namba 13, 14 na 15, kitambaa, pampu, na sumaku. Mimi natumia sumaku niliyoitoa kwenye spika mbovu ya redio.

Jua unanunua kwa nani

Mwenye duka la mzigo wa kontena ananunua kwa jumla na hajui historia ya baiskeli hata moja, kwa hiyo usimtese kwa maswali ya "iliwahi kuanguka?". Nyingi za Kijapani zilitelekezwa huko karibu na stesheni za treni, halmashauri zikazikusanya, wenyewe wasipojitokeza zikauzwa. Ndiyo maana ya kontena mara nyingi haina ufunguo, au kufuli lake limekatwa, na bado ina stika ya usajili ya polisi wa Japan kwenye bomba la fremu. Kwa baiskeli iliyotoka kwenye kontena jana, hayo si dalili ya wizi. Ila baiskeli iliyokwisha zunguka mjini miaka mitatu na kufuli limekatwa wiki hii, hiyo ni habari nyingine.

Fundi anayeuza mara nyingi anauza ya kuunga-unga: fremu ya huyu, magurudumu ya yule. Si vibaya. Baadhi ya baiskeli bora nilizowahi kuendesha ziliungwa na fundi mwenye mkono mzuri. Lakini bei yake isiwe ya baiskeli iliyokamilika kama ilivyotoka kiwandani, naye anajua hivyo.

Mtu binafsi ndiye bora, kwa sababu anaijua baiskeli yake na mara nyingi hata nyumbani kwake utafika. Dalali naye ana kazi yake na anastahili chake, ila akubali kukukutanisha na mwenye mali. Akikataa, ondoka.

Ukaguzi: nusu saa, mchana, baiskeli ikiwa kavu

Usikague jioni. Usikague baiskeli iliyotoka kuoshwa na kupakwa mafuta, maana mafuta huficha kutu na kunyamazisha kelele. Ifute kwanza kwa kitambaa chako.

Anza na fremu, kwa kuwa vingine vyote vinabadilishika. Piga magoti mbele na upitishe kidole chini ya mabomba mawili, sentimita chache nyuma ya shingo ya usukani. Baiskeli iliyogonga ukuta au bajaji hujikunja hapo: utahisi kama mkunjo wa ngozi, au rangi iliyopasuka kwa mstari. Kisha simama ubavuni utazame foku, ule uma unaoshika gurudumu la mbele. Inapaswa kuinama mbele au kunyooka sambamba na shingo. Ikiwa imerudi nyuma, ilikula mweleka. Fremu ya chuma iliyokatika fundi anaweza kuichomelea na ikadumu. Ya aluminiamu ni hatari, uchomeleaji wake unataka mtambo na ujuzi ambao kijiweni haupo. Sumaku ndiyo itakuambia: isipokamata, ni aluminiamu. Ipitishe pia kwenye rimu. Rimu ya chuma ikilowa maji breki za mpira huteleza, na masika ya Tanga unayajua.

Rangi mpya kwenye baiskeli ya zamani iulizwe. Pengine mwenyewe aliipenda. Pengine anaficha kiraka cha kuchomelea, au namba ya fremu.

Sasa fungua nati ya siti uchomoe bomba lake lote. Ndiyo, lote, na muuzaji akinuna mwambie utalirudisha mwenyewe. Upepo wetu wa bahari una chumvi, na bomba la siti lililoganda ndani ya fremu haling'oki kwa kubembeleza. Nimeona watu wakilikata kwa msumeno. Angalia pia mstari uliochorwa kwenye bomba: siti isiinuliwe kupita hapo, kwa hiyo kama wewe ni mrefu na mstari umeshatoka nje, baiskeli hiyo si yako. Halafu mulika ndani ya fremu kwa tochi. Sababu nyingine ya kumulika nitaisema baadaye.

Cheni ndiyo sehemu ninayoipenda, kwa sababu haihitaji kubishana. Kutoka pini moja hadi ya pili ni nusu inchi, iwe ya Phoenix au ya Kijapani. Weka sifuri ya rula katikati ya pini yoyote, hesabu pini 24 zinazofuata. Ya 24 inapaswa kukaa juu ya inchi 12 kamili. Ikipita kwa 1/16 ya inchi, cheni imechoka, ibadilishwe. Ikipita kwa 1/8, meno ya gia nayo yameshaliwa, na ukifunga cheni mpya peke yake itakuwa inaruka kila unaposimama kwenye pedeli. Hapo hesabu cheni na gia pamoja. Kwenye Kijapani yenye kava lote, omba kava lifunguliwe. Na ikiwa muuzaji hataki kabisa, hesabu kwamba cheni imekwisha.

Inua nyuma uzungushe gurudumu. Usitazame tairi, tazama nafasi kati ya rimu na mpira wa breki: ikipanuka na kufinyika, rimu imepinda. Kupinda kidogo ni kazi ya kukaza spoku. Kupinda kwa ghafla mahali pamoja, kama imepigwa nyundo, dawa yake ni rimu mpya. Gusa spoku mbilimbili kwa vidole: iliyolegea haina sauti, utaijua. Iliyokatika hesabu, na kama ni zaidi ya tatu upande mmoja, jua nyingine zinafuata njia hiyohiyo.

Shika krenki mbili, yale machuma yanayobeba pedeli, moja kila mkono, uzisukume kushoto na kulia. Zikigonga "ko, ko", gololi au ekseli ya katikati imelika, au kota za Phoenix, zile pini zinazobana krenki, zimelegea. Kamata breki ya mbele usukume baiskeli mbele na nyuma: ukihisi shingo inacheza, ni gololi za usukani. Pedeli zikague kwenye uzi. Ya kushoto hufungwa kinyume na kawaida, na fundi asiyejua huilazimisha mpaka uzi wa krenki unakwisha. Pedeli inayokaa upande, kama mtu aliyeteguka kifundo, ndiyo hiyo, na dawa yake ni krenki nyingine.

Breki, taa, dinamo, kengele, keria: zijaribu tu. Breki ya nyuma ya Kijapani ikipiga kelele kama mbuzi si kasoro kubwa, nyingi zina tabia hiyo. Zenye gia tatu ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma, hakikisha zote tatu zinaingia, kwani habu ile ikifa hupati mbadala kirahisi. Na kama inaitwa ya umeme na betri yake imekufa, unanunua baiskeli nzito na mota ambayo utaibeba bure. Bei yake iwe ya baiskeli ya kawaida, tena ishuke kidogo kwa ule uzito.

Mwisho iendeshe, dakika kumi, si kuizungusha mbele ya duka. Mwachie muuzaji kitambulisho au simu kama dhamana. Ni haki yake kuogopa. Achia mkono mmoja, kisha legeza mwingine: isikuvute upande. Simama kwenye pedeli. Funga breki ghafla. Mpakie mtu kwenye keria, kama ni ya mizigo.

Sasa bei

Uliza bei baada ya kukagua, si kabla. Ukitajiwa bei mwanzoni, macho yako yatatafuta sababu za kuikubali au kuikataa badala ya kutazama baiskeli.

Tuseme muuzaji anataka 220,000. Hizi ni namba za mfano, weka za kwenu. Tairi ya nyuma imepasuka ubavuni: 18,000. Cheni imepita 1/16: 10,000. Gololi za katikati pamoja na ufundi: 8,000. Waya na mipira ya breki: 7,000. Jumla 43,000. Mimi husema hivi, nikigusa kila kitu kwa kidole:

"Kaka, baiskeli nimeipenda, sitakudanganya. Lakini kesho asubuhi nitakuwa kwa fundi na 43,000 mkononi. Tazama hapa, na hapa. Ukiweza kuzitengeneza wewe, nakupa bei yako. Kama hutaki, tuitoe kwenye bei."

Mara nyingi atacheka, atasema tairi bado ina miezi mitatu. Huenda ni kweli! Basi mgawane ya tairi. Mnaishia 185,000 au 190,000, na hakuna aliyeibiwa. Kuanza na nusu ya bei ili mkutane katikati ni mchezo wa zamani, lakini unamfundisha muuzaji apandishe bei ya kuanzia kwa kila anayekuja nyuma yako. Mimi nimeuacha. Pia sitaji kasoro ambayo haipo. Kusema "fremu hii imepinda" huku unajua haijapinda ni uongo uleule tunaowalalamikia madalali.

Kuna kesi moja ya kufikiria mara mbili: anayeuza kwa shida. Mama mmoja wa Makorora alikuwa anauza Phoenix ya marehemu mumewe. Dalali alimwambia aombe 60,000. Nikakagua kila kitu, nikakosa pa kushika. Ilikuwa imetunzwa, hata keria ilifungwa kamba mpya. Nikalipa 60,000 hiyohiyo na kukanyaga mpaka nyumbani nikipiga kengele bila sababu. Mke wangu alisikiliza habari nzima, akauliza swali moja tu: "Na wewe ungeiuza ngapi?" Nilikaa na swali lile siku nne. Ijumaa nikampelekea yule mama 25,000 nyingine. Sisemi nawe ufanye hivyo, ila ukitumia kanuni ya jina, jiulize: hela hii inayopungua inaitwaje? Kama jina lake ni msiba wa mtu, mlipe bei ambayo ungemlipa mwenye duka.

Bei iliyoshuka kabla hujaomba

Miaka kadhaa nyuma kijana alinisimamisha wakati wa magharibi na Kijapani safi ya bluu. Akataka 90,000. Kabla sijafungua mdomo akasema 70,000. Nilipoinama kuitazama akasema, "Basi lete 50, nina safari." Nikampa. Sikukagua, giza lilikuwa limeingia, na kusema kweli sikutaka kukagua.

Wiki mbili baadaye, nje ya msikiti, mzee mmoja akaishika usukani, taratibu tu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Hii umeipata wapi, mwanangu?"

Nikaeleza. Hakupandisha sauti. Aliomba spana kwa fundi wa pale nje, akafungua nati ya siti, akachomoa bomba, akaingiza vidole viwili ndani ya fremu na kutoa kijikaratasi kilichoviringishwa kwenye nailoni. Jina lake, namba yake ya simu, na mwaka alioinunua. Watu waliotuzunguka wakanitazama mimi.

Tulikwenda ofisi ya serikali ya mtaa, nikaandika maelezo, baiskeli ikarudi kwa mwenyewe. Mali ya wizi haiwi yako kwa sababu umeilipia, na kuipokea huku ukijua, au ukiwa na kila sababu ya kujua, ni kosa la jinai. Niliponea kwenye heshima ya yule mzee, ambaye hakutaka mambo yafike polisi. Hela yangu sikuiona tena, na sikustahili kuiona.

Kwa hiyo: muuzaji asiyejua siti inafunguliwa kwa spana namba ngapi, asiyetaka mkutane mchana, asiyetaka mpite kwa mjumbe wake, anayeshusha bei peke yake, usimjadili. Geuza baiskeli juu chini, tazama namba iliyogongwa chini ya ekseli ya katikati. Kwa nyingine iko kwenye bomba la fremu linaloshika siti au karibu na shingo. Namba iliyosagwa kwa tupa haina maelezo mazuri. Na mulika ndani ya fremu.

Karatasi na malipo

Kwa mwenye duka, dai risiti yenye namba ya fremu, si "baiskeli 1" tu. Kwa mtu binafsi, andikeni karatasi ya mauziano, nakala mbili: majina yenu na namba za vitambulisho, simu, aina na rangi, namba ya fremu, bei, tarehe, sahihi. Shahidi awe mjumbe au mwenyekiti wa mtaa wa muuzaji, si rafiki yako uliyekuja naye. Ukilipa kwa simu, jina litakalotokea liwe lilelile la kwenye kitambulisho; ukiambiwa "tuma kwa namba hii ya shemeji", simama kwanza. Kwa mzigo wa kontena, kubalianeni siku tatu za kurudi kwa muuzaji kama kitu kilichofichika kitajitokeza. Wengi hukubali ukiomba kabla ya kutoa hela, na hakuna anayekubali ukiomba baada.

Wiki ya kwanza

Usiiamini hata kidogo. Siku ya kwanza kaza nati zote, hasa za magurudumu na usukani. Badilisha grisi ya habu na ya katikati, kwani iliyosafiri baharini huwa imekauka kama gundi. Siku ya saba rudi kwa fundi akaze spoku tena. Kwetu huku, futa rimu na cheni kwa kitambaa chenye mafuta kidogo kila wiki, chumvi haina subira.

Na siku hiyohiyo unapochomoa bomba la siti kulipaka grisi, chukua kipande cha karatasi, andika kwa kalamu ya risasi, maana wino hufifia: jina, simu, tarehe, namba ya fremu. Kiviringishe ndani ya mfuko wa nailoni, kisokomeze ndani ya fremu ukikibana na kipande cha sponji kisidondoke chini. Kisha rudisha siti na kaza nati. Yangu ya sasa imo ndani ya mfuko wa maziwa.